Kamati ya Twiga wa Senti Kumi

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kasulu, wa mjini na wa milimani, kwamba kuanzia tarehe moja Agosti mwaka huu wa 2013 hakuna barua ya zamani itakayoruhusiwa kukaa nyumbani kwa mtu bila kujulikana thamani yake. Mwenye barua au stempu iliyozidi miaka arobaini aifikishe Ofisi ya Urithi, Kumbukumbu na Mambo Yanayofanana na Hayo, mlango wa tatu, ipimwe na wataalamu. Atakayechelewa atahesabiwa kuwa amechelewa.

Tangazo hilo lilipita na spika juu ya gari, kutoka sokoni mpaka Heru Juu, na aliyeliandika ni mimi. Maneno ya mkuu, mwandiko wangu, maana mkuu akiandika mwenyewe hata yeye hawezi kujisoma. Mimi ni mhudumu wa ofisi. Kazi yangu ni chai, ufagio na kuweka namba kwenye mafaili. Mtu wa chai ndiye pekee anayeingia vikao vyote, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Niliyaona birika likiwa mkononi.

Chanzo cha Kamati kilikuwa cha kitaalamu kabisa. Mkuu wetu, Bwana Stanislaus Hatungimana, alikuwa kwa kinyozi ananyolewa, akasikia redioni kwamba huko Ulaya stempu moja, ndogo kama ukucha, imeuzwa kwa bei ya kununua ng'ombe wote wa Heru Juu pamoja na wachungaji wao. Aliinuka na upande mmoja wa kichwa haujaguswa. Mchana tukawa tayari tuna Kamati ya Tathmini ya Stempu na Barua Kongwe. Jioni Kamati ikawa na wataalamu wawili, na mimi nikaambiwa niongeze unga wa chapati.

Mtaalamu wa kwanza alitoka Kibondo. Huyo ni Mzee Venanti, karani mstaafu wa posta aliyelamba stempu dirishani miaka thelathini na moja. Alisema anaweza kuutambua mwaka wa stempu kwa ladha ya gundi, na kweli kila stempu iliyoletwa aliigusa na ulimi kwanza, akafumba macho, akatamka mwaka. Hakuna aliyewahi kumpinga, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeonja. Wa pili alikuwa Saady sonara wa hapa mjini, aliyeteuliwa kwa sababu ana lenzi na mizani ndogo ya dhahabu. Alizipima stempu kwa uzito. Stempu ya twiga ikaonekana nzito kuliko ya simba. Kamati ilishangaa, ikalijadili hadi saa nane, ikaliingiza kwenye muhtasari.

Sasa nieleze utaratibu wa mhuri, maana bila huo mtu wa nje hawezi kutuelewa. Ofisini kwetu karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga. Mkuu alikuwa na mhuri wa duara, wino wa zambarau, na aliuvaa shingoni kwa kamba hata akienda kujisaidia. Kamati ikaazimia: kila stempu ikishaonjwa na kupimwa, ipigwe mhuri juu yake, katikati, ili pasitokee mjanja wa kuibadilisha. Hapo ndipo inakuwa halali. Mzee Venanti alisema katika maisha yake yote hajaona ulinzi wa namna hiyo, na Mkuu akalipokea hilo kama pongezi.

Mwezi huohuo mjini kulikuwa na zoezi lingine, la kutambua nani ni mtu wa hapa na nani siyo. Ni zoezi muhimu. Huku kwetu Kiha na Kirundi vinafanana kama mapacha, na haiwezekani mtu aachwe tu kuwa wa kwao bila karatasi. Afande wa zoezi alikuwa ametoka mbali, kijana mpole mwenye daftari kubwa. Aliuliza baba yako alikuwa wapi kabla ya Uhuru. Ukisema alikuwa shambani, anauliza ushahidi uko wapi. Ukimwonyesha shamba, anasema shamba halina tarehe. Mwezi ukiisha huna karatasi, unapanda lori mpaka mpakani.

Ndivyo alivyotufikia Bi Zuleha binti Hilali, mwuza vitenge wa sokoni, mama wa miaka hamsini na sita. Afande alikuwa amempa mpaka tarehe thelathini. Alikuja na bati la biskuti, akaliweka mezani pole pole kama mtu anayelaza mtoto. Ndani mlikuwa na barua kumi na tisa. Baba yake alikwenda kukata mkonge Tanga, akawa anamwandikia mkewe huku Heru Juu. Kila barua ni karatasi moja iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, na nje yake stempu ya senti kumi, twiga, na mhuri wa posta wa mwaka ule.

Alieleza shida yake kwa kifupi. Barua afande alishaziona, lakini yeye siyo mtaalamu, kwa hiyo amesema mpaka wataalamu wazithibitishe. Gari la matangazo limesema wataalamu wako mlango wa tatu. Basi yuko mlango wa tatu.

Mkuu aliichukua moja, ambayo baadaye niliipa namba saba, akaigeuza kwenye mwanga, akamwona twiga. Akaacha kutafuna.

"Mama," alisema kwa sauti ya asali, "barua zako unaondoka nazo leo leo. Kamati itabaki na stempu tu. Karatasi ni mali yako, stempu ni mali ya historia." Akaniambia nilete wembe.

Bi Zuleha akaweka kiganja juu ya barua. "Igeuze upande wa pili kwanza, bwana mkubwa."

"Kamati haigeuzi, mama. Kamati inatathmini."

"Basi ngoja nigeuze mimi." Akaifungua. Upande wa ndani, pale pale nyuma ya twiga, palikuwa na mstari: *akizaliwa wa kike mwiteni Zuleha.* "Hilo ni jina langu, na tarehe ya mhuri wa posta ni kabla ya Uhuru. Ukimkata twiga umenikata na mimi. Afande nimpelekee tundu?"

Saady akaitazama kwa lenzi sehemu ya meza isiyokuwa na kitu. Mkuu akaahirisha kikao kwa dakika kumi ili atafakari. Alitafakari chapati mbili. Aliporudi alikuwa na azimio jipya. Barua zitathminiwe nzima nzima, zithibitishwe nzima nzima, kisha zihifadhiwe ofisini kama urithi kwa muda usiojulikana. Mwenye mali atapewa hati ya shukrani siku ya uzinduzi, tarehe ishirini na tisa.

Bi Zuleha alisema afande hakumwomba shukrani. Alitaka kitu kimoja: kila barua iandikwe kwamba yaliyomo ni kweli.

"Yote?" aliuliza Mkuu.

"Yote."

"Mpaka nukta," alisema Mkuu, tena kwa furaha, kwa kuwa alishapiga hesabu kwamba kitu kikithibitishwa sana bei yake inapanda sana.

Kazi ya kuthibitisha ilichukua siku nne. Kila barua ilipata mhuri wa duara juu ya twiga, tarehe, saini ya Mkuu, na maneno aliyonitajia niandike: *Kamati imeridhika pasipo shaka yoyote kwamba yaliyomo humu ni kweli tupu.* Wino wa zambarau uliisha mara mbili. Kufikia barua ya tisa twiga walikuwa wamebaki miguu tu.

Siku ya tatu alipita Polycarpe, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, ambaye akipata kibali cha kutoka huja mjini kutuuzia sabuni. Zamani, kule Bukavu, alikuwa na duka la stempu za kuuzia Wazungu. Alisimama mlangoni na kikapu chake, akaangalia mhuri unavyoshuka, uso ukamkunjamana kama anaangalia mtu anachinja ng'ombe wa maziwa.

"Patron, munafanya nini? Timbre ikipigwa kashe mupya juu yake, bei inakufa. Hata bure watu watakatala."

Mkuu alimuuliza kama yeye ni mjumbe wa Kamati. Siyo. Akamuuliza kama ana cheti cha utaalamu.

"Nilikuwaka nacho. Kiliungua na nyumba."

Mkuu akamweleza, bila hasira, kwamba utaalamu ulioungua hautambuliki katika ofisi hii. Tukanunua sabuni mbili.

Namba za barua zilikuwa kazi yangu. Huwezi kuweka namba kama hujui ipi imetangulia, kwa hiyo nilizisoma zote, polepole, wakati wengine wanakunywa chai. Mwandiko wa marehemu Hilali umelala kama majani yaliyopigwa na mvua, lakini ukiuzoea unaongea. Anauliza mihogo imefika wapi. Anasema amesilimu, jina lake sasa ni Hilali, wasishtuke wakisikia. Anaulizia jembe lake kwa jina la aliyeliazima. Katika barua ya kumi na moja nikakuta jina la Hatungimana.

Nikaona ni wajibu wangu. Nilimwambia Mkuu kwamba babu yake ametajwa.

"Babu yangu?" Alishusha kikombe. "Yumo kwenye urithi?"

"Yumo, mkuu. Ila kuna neno limeandikwa hapo, labda ungelisoma kwanza..."

"Shadia, maudhui ni kazi ya kamati ndogo ya maudhui."

"Haipo, mkuu."

"Basi subiri iundwe."

Akaichukua ile barua, akaipiga mhuri wa pili juu ya ule wa kwanza, akaweka saini nyingine, akaagiza iwe ndiyo barua itakayosomwa hadharani siku ya uzinduzi. Jioni ile nilimsikia dirishani akimpigia simu shemeji yake, akimwambia ukoo wao sasa umethibitishwa kihistoria. Mimi nilifuta meza.

Bi Zuleha siku zote hizo alikuwa kwenye benchi la nje. Alikuja asubuhi kama mwajiriwa, akakaa mahali anapoweza kuliona bati lake kupitia mlangoni, jioni akaondoka. Duka la vitenge alimwachia jirani. Hakugombana na mtu. Kila nilipompelekea chai aliuliza zimebaki siku ngapi, ingawa alijua kuliko mimi. Hofu yake ilikuwa nyepesi kueleweka: barua zikishaitwa urithi haziwezi kutoka, na afande haji ofisi yetu, na tarehe thelathini haimsubiri mtu.

Nilimuuliza kama ya kumi na moja anaijua.

"Zote nazijua. Mama yangu alitusomea hizo, wenzetu wakisimuliwa habari za sungura."

"Mkuu anataka isomwe mbele ya watu."

Akapuliza chai, akanywa, akapuliza tena. "Ego," alikubali kwa Kiha. "Mkuu ni yeye."

Orodha ya wageni pia niliiandika mimi. Nilimwandika afande wa zoezi, namba ishirini na sita, kati ya kiongozi wa kwaya na mwenye turubai. Mkuu akasaini ukurasa wote kwa mpigo mmoja, na hivyo afande akapata kadi.

Uzinduzi ulifana. Turubai lilikuwa la buluu, viti vya plastiki mia, muziki wa kutosha. Katika hotuba yake Mkuu alisema kwamba watu wengine wana historia ya kusimuliwa, yeye ana historia yenye mhuri. Alimtaja babu yake Hatungimana mara sita. Nilimwona afande akiandika.

Alikuwepo pia mtaalamu aliyealikwa kutoka Dar es Salaam, mtu mwenye lenzi yake mwenyewe kwenye mfuko wa ngozi, aje atangaze bei. Aliinama juu ya barua ya kwanza. Akaenda ya pili. Alipofika ya tano akauliza nani amefanya hivi. Mkuu akanyoosha mkono, akasogea mbele kidogo kwa ajili ya picha. Mtaalamu akasema hawa twiga, wakiwa juu ya barua zao na mhuri wa posta wa wakati ule, wangegombewa. Sasa wamevishwa koti la zambarau na hakuna mnunuzi duniani atakayewavua. Aliomba soda, akakaa.

Mkuu siyo mtu wa kuanguka kwa kikumbo kimoja. Alishika tena kipaza sauti, akatukumbusha kwamba urithi haupimwi kwa fedha, na kwamba wenye kuwaza fedha wana matatizo yao. Kilicho muhimu ni ukweli uliomo. Akaamuru barua ya kumi na moja isomwe, na kwa kuwa ofisini mwandiko ule naujua mimi peke yangu, nikaweka birika chini nikasoma.

*Mke wangu, salamu nyingi. Mkonge umenichoma mkono wa kuume, ndiyo maana mwandiko umelala. Habari za yule Hatungimana aliyevuka mto kutoka Urundi na mke na mbuzi mmoja nimezipata. Msimfukuze. Mpeni ile sehemu ya chini ya kisima alime mihogo. Mtwale akituma watu wa utawala wake waje kuuliza huyu ni wa wapi, semeni ni ndugu yetu. Mtu akishalima kwenu haulizwi tena.*

Huko nyuma mtu alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Afande akasimama, akaomba barua, akaisoma mwenyewe taratibu, mbele na nyuma, kisha akahesabu mihuri ya zambarau kwa ncha ya kalamu. Miwili.

"Samahani, mheshimiwa," alisema. "Huyu Hatungimana ni nani kwako?"

"Hilo ni jina la kawaida sana huku."

"Kwenye hotuba umesema ni babu yako. Nimeandika hapa, mara sita."

Mkuu akasema kuna uwezekano barua hiyo imeghushiwa. Afande akauliza, mhuri nao umeghushiwa? Na saini? Maana hilo lingekuwa kosa jingine na fomu yake ni nyingine. Mkuu akatazama mhuri shingoni mwake, akasema hapana, barua siyo ya kughushi.

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Ni kweli kwa kiasi fulani."

"Hapa pameandikwa tupu," alisema afande.

Akalichukua bati zima kwa matumizi ya zoezi, na urithi usiotoka ukatoka. Palepale, juu ya meza yenye kitambaa cha sherehe, afande aliifungua barua ya saba, akauona mstari nyuma ya twiga, akauona mhuri, akalikata jina la Zuleha binti Hilali kutoka kwenye orodha ya lori. Alipiga mstari mara mbili kwa rula. Kisha akafungua ukurasa mweupe, akaandika jina jipya, na kumpa Mkuu siku thelathini.

Siku hizo Mkuu alizitumia vizuri. Alikwenda Kibondo akamwomba Mzee Venanti amthibitishe. Mzee Venanti akasema yeye anathibitisha gundi tu. Alitafuta barua ya ukoo wake wenyewe, hata moja, akagundua kwamba kwao hakuna aliyewahi kwenda mbali kiasi cha kuandika. Alimweleza afande kuhusu shamba la chini ya kisima, ambalo ukoo wao umelilima miaka hamsini na sita. Afande akasema shamba halina tarehe. Mwishowe akaambiwa imebaki njia moja: mtu wa ukoo uliompokea babu yake aje aseme mbele ya afande kwamba huyu ni wao. Na ukoo huo, kwa mujibu wa nyaraka zilizothibitishwa pasipo shaka yoyote, ni ukoo wa Hilali.

Tulikwenda sokoni watatu. Afande alinichukua mimi nikaandike, alisema mwandiko wangu unasomeka. Bi Zuleha alikuwa anampimia mteja kitenge. Mkuu akaanza kueleza umuhimu wa ushirikiano kati ya ofisi na wadau. Bi Zuleha akamwomba asogee kidogo, anakanyaga kitambaa. Mteja alifungua vitenge tisa, akarudi kwenye cha kwanza, akaomba kukiona nje kwenye jua. Mkuu alisimama muda wote huo, kwa kuwa kigoda kilikuwa kimoja na amekikalia afande.

Mteja alipoondoka, afande akauliza. "Mama, unamfahamu mtu huyu?"

Bi Zuleha alimtazama Mkuu kutoka juu mpaka chini kama anavyotazama kitambaa kilicholetwa kwa bei rahisi, anatafuta kitatoa rangi wapi. Jasho la Mkuu lilishuka mpaka kwenye kola.

"Namfahamu," alisema. "Huyu alitaka kunitoa duniani kwa wembe."

Mkuu akainamisha kichwa. Mimi sikuandika, nilingoja.

"Ila ni ndugu yetu. Andika, Shadia."

"Una hakika, mama?" aliuliza afande.

"Baba yangu alisema. Na huyu mwenyewe akathibitisha, mara mbili."

Mkuu akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akamwita shangazi, neno ambalo hata mimi niliyemtumikia miaka mitatu sikujua kama analo. Bi Zuleha aliuacha mkono wake pale kwa kipimo cha heshima, kisha akauchukua, akaanza kukunja vile vitenge tisa.

Kwenye fomu, pale panapoulizwa uthibitisho, afande alinitajia na mimi nikaandika: *Ni mtu wa hapa kwa neno la Zuleha binti Hilali, mwuza vitenge, Kasulu.* Chini yake pana nafasi ya saini ya anayethibitishwa. Mkuu akatoa kalamu, akaishusha haraka kama kawaida yake, halafu akaisimamisha hewani. Akaivuta fomu karibu. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, midomo ikaanza kwenda, na akasoma neno moja baada ya jingine, mpaka nukta.